Nani Asimame Upande wa Kichwa

Hadithi hii nakupa kwa sharti: nikifika mwisho, utajibu. Kama wewe ni wa kusikiliza kisha unajikung'uta vumbi na kwenda zako, ondoka sasa, hatutagombana.

Walikuwapo wanaume watatu katika mji mmoja wa bara. Jina la mji silitaji, wenyewe wapo.

Wa kwanza aliitwa Kibwana, fundi simu. Kipaji chake kilikuwa kutokubali neno "haipo". Ukimwambia kitu hakipo, atakuuliza nani kasema, na huyo aliyesema alitafuta wapi. Mkewe alikuwa akilalamika kwamba kuishi na Kibwana ni kama kuishi na polisi.

Wa pili aliitwa Pazi, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Kipaji chake kilikuwa kutotupa kitu. Ndani ya kompyuta yake kuukuu alihifadhi kila alichowahi kuachiwa na wateja, chenye maana na kisicho na maana.

Wa tatu aliitwa Shomari, mchinjaji katika machinjio ya mji. Kipaji chake kilikuwa kujua dunia imeelekea wapi. Kila alfajiri alimlaza ng'ombe kuelekea kibla, na kwa mazoea hayo ungeweza kumfunga kitambaa machoni ukamzungusha hadi apepesuke, bado angekuonyesha kaskazini kwa kidole. Alikuwa na mdomo mpana pia, lakini hicho hatukihesabu.

Katika mji huohuo aliishi mjane, Bi Mwajabu. Mwenyezi Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Mbaraka, mfua bati, naye akamchukua angali kijana. Mbaraka alizikwa makaburi ya mji bila jiwe la jina. Juu ya kaburi lake waliliacha birika lililotumika kulimwagia maji, wakalipindua, kama ilivyo desturi ya baadhi ya watu wa pale. Mama yake hakuhitaji jina. Alijua: kutoka langoni, mstari wa nne, karibu na mwisho wa upande linakochomoza jua. Kila Idi alikwenda akang'oa majani, akazungumza naye kidogo, akarudi.

Kisha ikaja habari ya barabara. Makaburi yanahamishwa. Halmashauri ikayazungushia mabati na kuweka mlinzi, mtu asiingie. Mpimaji akayapa makaburi namba, na waraka wa namba hizo ukawekwa kwenye tovuti. Mwenye maiti wake aitazame namba na kuifikisha ofisini kabla ya Ijumaa, naye atakabidhiwa mabaki akazike makaburi mapya. Yatakayokosa mwenyewe yatatiwa katika shimo moja, yote pamoja.

Shimo moja. Neno hilo lilimkosesha Bi Mwajabu usingizi na chakula.

Alikwenda ofisini. Karani alimwamkia kwa adabu, akamwambia kwamba pale wanapokea namba tu, na namba ziko kwenye tovuti. Bi Mwajabu akasema simu yake ni ya kupiga na kupokea. Karani akamshauri amtafute mtu mwenye simu kubwa. Nami nauliza: unamfungia mama kaburi la mwanawe kwa mabati, unalitia ndani ya simu, kisha unamwambia shikamoo? Basi. Tuendelee, nisije nikaiharibu hadithi.

Alikwenda kwa Kibwana, akawakuta Pazi na Shomari nao wamekaa kibarazani wakinywa kahawa. Wote watatu walimjua marehemu. Kibwana alisoma naye chuoni, msahafu mmoja wakipokezana. Paa la duka la Pazi lilikuwa kazi ya mikono yake. Na Shomari, aliyefiwa na mama yake tangu hajui kutembea, alikuwa akila nyumbani kwa Mbaraka kila mwezi wa Ramadhani, kutoka sufuria ya Bi Mwajabu.

Mama akawaeleza.

"Wanangu," alisema, "Mbaraka hana baba, hana ndugu. Atakayenionyesha alipo, huyo ndiye atakayempokea kaburini upande wa kichwa. Na siku yangu ikifika, huyo ndiye atakayekuwa mfiwa wangu."

Kama hujawahi kuzika, nikueleze uzito wa maneno hayo. Watu watatu hushuka kaburini: mmoja huipokea maiti kichwani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni. Upande wa kichwa huachiwa aliye karibu kuliko wote, kwa kuwa ndiye anayemlaza marehemu shavu lake mchangani. Naye mfiwa ndiye anayepewa mkono na watu wote. Mama yule alikuwa akigawa nafasi ya mwanawe. Hakuna kati ya wale watatu aliyeendelea na kahawa.

Kibwana alitangulia. Aliifungua tovuti, akaugusa waraka, pakaja ukurasa mweupe. Akagusa tena, weupe uleule. Pazi akasema waraka haupo, wameweka kichwa cha habari tu.

"Nani kasema?" Kibwana akamuuliza.

Akaeleza kwamba tovuti inajaribu kuuonyesha waraka ndani ya ukurasa wake na inashindwa. Kushindwa kuonyesha siyo kukosa. Akaiacha ile tovuti, akaishurutisha simu iushushe waraka wenyewe na kuuhifadhi. Ukashuka. Kuufungua, simu ikakataa: haijui kitu hiki ni cha aina gani. Kibwana akalitazama jina la faili. Kila faili huishia na nukta na herufi chache zinazosema aina yake, na kwa herufi hizo simu hujua programu ya kulifungulia. Hili halikuwa nazo. Aliyeupandisha waraka alilibadilisha jina, akaandika "makaburi mwisho", akaufuta mkia. Kibwana akaurudishia mkia wa nyaraka za barua, ukagoma. Akauondoa, akaandika nukta na pdf. Waraka ukafunguka.

"Kumbe ni kama mbwa wa jirani," Shomari akasema. "Bila mkia hujui unamkaribia vipi."

Lakini kilichofunguka hakikusomeka. Namba zilionekana, na mbele ya kila namba palikuwa na vijiraba, visanduku vitupu, vimepangana mstari kwa mstari hadi chini. Bi Mwajabu, ambaye hakusoma, akainama akavitazama kwa makini sana.

"Ndiyo makaburi haya?" akauliza. "Mmoja wao ni yeye?"

Pazi akamwambia hapana mama, hayo ni maneno yaliyokosa sura.

Zamu ya Pazi. Wakahamia dukani kwake, akaufungua waraka kwenye kompyuta yake, vijiraba vilevile. Akasema waraka kama ule hutakiwa kusafiri na herufi zake. Mtengenezaji akisahau kuzifungasha, unapofika ugenini huomba herufi za mwenyeji, na mwenyeji asipokuwa nazo huchora vijiraba. Akaingia kwenye maelezo ya faili, akaona jina la mwandiko, yaani fonti, uliotumika. Ulikuwa mwandiko wa zamani, ambao duka lolote lenye akili lingekuwa limeshaufuta. Pazi akaanza kuchambua takataka zake, folda ndani ya folda, huku Shomari akimuuliza kama humo ndani hajaona na meno yake ya utotoni. Akaupata. Uliachwa na mteja mmoja aliyekuja kuchapisha kadi za harusi. Akauingiza kwenye kompyuta, akafungua upya, na vijiraba vikawa maneno.

Wakasoma mpaka mwisho. Jina la Mbaraka halikuwamo, maana kaburini halikuwapo. Lakini mahali pawili paliandikwa hivi: "Halina jina. Birika limepinduliwa." Kaburi thelathini na nane. Kaburi tisini na moja.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa ramani. Ilichorwa kwa mkono: mistatili midogo mirefu, kila mmoja na nukta upande wa kichwa. Namba zilichapwa juu yake kwa kompyuta. Lango halikuchorwa. Kibwana na Pazi wakasaidiana. Lango liko kusini, upande wa soko. Kusini ni chini. Hesabu mistari minne kwenda juu, shika upande wa mashariki, karibu na mwisho. Wakamwuliza Bi Mwajabu, akaitikia ndivyo. Kidole cha Pazi kikatua kwenye mojawapo ya yale mawili yenye birika.

"Thelathini na nane," wakasema kwa pamoja.

Bi Mwajabu akaishika pembe ya kanga yake, akaifunga fundo ili asisahau. Ofisi ilikuwa karibu kufungwa, na kesho yake ni Ijumaa. Akasimama.

Shomari muda wote alikuwa ameegemea mlango. Akasogea, akaitazama ramani, akainamisha shingo kama anayetazama mnyama aliyelazwa ovyo.

"Mama, keti," akasema. "Hawa wamelala vibaya."

Pazi, ambaye macho yalikuwa yanamuuma kwa kuchambua, akamwambia arudi kwenye utumbo wake, ramani awaachie wenyewe.

"Utumbo nitaurudia," Shomari akajibu. "Mmesema hapa juu ni kaskazini. Basi vichwa vyote hivi viko kaskazini na miguu kusini. Niambie, Pazi. Baba yako ulimzika hivyo?"

Kwetu kibla kiko kaskazini. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kuume, kichwa mashariki, miguu magharibi, ili uso uelekee kibla. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na kila mtu alikuwa ameitazama ile ramani. Ama mji mzima ulikuwa umekosea kuzika watu wake tangu enzi za mababu, ama karatasi ndiyo iliyokosea. Aliyeipiga skani aliiweka ubavu, kisha akachapa namba zake wima juu ya mchoro uliolala, na kwa kuwa namba zilisomeka, hakuna aliyeshtuka.

Pazi akaizungusha picha mara moja, nukta zikaja mkono wa kuume, mashariki. Sasa namba ndizo zilizolala, na wafu wakakaa sawa. Wakahesabu upya kutoka chini: mstari wa nne, upande wa mashariki, karibu na mwisho. Birika. Tisini na moja.

Bi Mwajabu akalifungua lile fundo, akalifunga jipya. Alifika ofisini karani anatafuta funguo.

Siku ya kuhamisha ilipofika, wanawake walisimama nje ya mabati. Kabla jembe halijagusa udongo, wakamtolea mama birika lililokuwa juu ya kaburi tisini na moja. Mdomo wa birika ulikuwa umezibwa ufa kwa kipande cha shaba. Kiraka kile Mbaraka alikitia mwenyewe, nyumbani kwa mama yake, na kilikuwa kimekaa upande kidogo. Bi Mwajabu akapitisha kidole gumba juu ya kiraka, mara moja, kisha akaketi chini palepale. Birika la thelathini na nane lilikuwa zima, halina kiraka. La nani, hakuna aliyekuja kusema.

Mabaki yakakusanywa, yakavikwa sanda, yakapelekwa makaburi mapya. Kaburi lilikuwa tayari. Sheikh akauliza nani anasimama upande wa kichwa, na wanaume watatu wakapiga hatua kwa pamoja.

Kibwana akasema bila yeye wangekuwa hadi leo wanatazama ukurasa mweupe. Pazi akajibu kwamba Kibwana alimfungulia mama mlango wa chumba chenye giza, na taa aliiwasha mwingine. Shomari akasema taa hiyohiyo nusura iwapeleke kwa mtoto wa watu.

"Mlishamfungia fundo mama," alisema. "Leo angekuwa anamlilia asiyemjua."

"Na bila sisi ungezungusha nini?" Kibwana akamuuliza. "Ng'ombe?"

Sheikh akawanyamazisha, hapo si mahali pa ubishi. Akatuma mtu kwa Bi Mwajabu, aliyekuwa langoni pamoja na wanawake, kwa kuwa ahadi ni yake. Mjumbe akarudi na maneno haya, nami nayaweka kama yalivyofika:

"Mwambieni sheikh kinywa changu kiliahidi mmoja. Mmoja alinifungulia, mmoja akanisomea, mmoja akanizuia nisipotee. Nikimtaja huyu, nimewadhulumu wale. Nisipomtaja mtu, nimemdhulumu mwanangu, maana atashuka bila mwenyewe. Waulizeni waliohudhuria."

Na wewe umehudhuria. Usiniambie wote watatu. Wote watatu watashuka, hilo halina ubishi, lakini kichwa ni kimoja na mfiwa ni mmoja. Usiniambie wapige kura. Mama aliahidi mtu, hakuahidi bahati. Wala usiniambie alitangulia Kibwana, kama hujanieleza kutangulia kunapitaje kumaliza. Wala alimaliza Shomari, kama hujanieleza angemaliza nini pasipokuwa na katikati.

Jua limepanda. Watatu wamekwisha kushuka, na sanda iko juu ya mikono yao, nyepesi kuliko walivyodhani. Hakuna aliyegeuka kumtazama mwenzake. Langoni mama amelipakata birika, anasubiri kuletewa jina.

Wewe unaamuaje? Nani asogee upande wa mashariki?