Meno Mapya ya Mbwenda

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nani?
Pakawa fisi mwenye taya pana na subira fupi.

Hapo zamani, fisi walipokuwa bado na heshima zao (msicheke!), aliishi Mbwenda, binti wa Malkia Mangulu. Malkia alikuwa amezeeka. Na kwa fisi, kiti hakirithiwi kwa kulia msibani. Anayekitaka huvunja paja la nyati kwa meno yake, ukoo mzima ukitazama. Akishindwa, anakula baada ya wote, yaani anakula harufu.

Wakati huo Mbwenda alikuwa anang'oka meno ya utoto. Mapya yalijengwa ndani ya ufizi. Damu ilileta chokaa, na vimeng'enya watatu, vibarua wa mwilini wadogo kupita mavumbi, wakaisimamia. Desturi ya fisi ni kupitisha ulimi juu ya ufizi na kuwashukuru. Mbwenda naye akapitisha ulimi, ila kwa ukaguzi. Wakubwa wasipokagua, jua litachomozaje?

Akamwita wa kwanza. "Wewe, unafanya nini?"

"Mimi Mfagizi, bibie. Jino huanza na jukwaa la ute. Nalibomoa, chokaa ijae mahali pake, jino liwe gumu."

"Wenzako wanajenga, wewe unabomoa! Hujengi. Toka!"

Mfagizi akatoka.

Akamwita wa pili. "Wewe, unafanya nini?"

"Mimi Mzuiaji, bibie. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya pana nyuzi laini, ili jino linese kidogo ukiuma. Naizuia chokaa isifike hapo."

"Jino langu linese? Mimi godoro? Hujengi. Toka!"

Mzuiaji akatoka.

Akamwita wa tatu. "Wewe, unafanya nini?"

"Mimi Mpitishaji, bibie. Naondoa vizuizi vya Mzuiaji, chokaa ipite, ikaukamate mzizi."

Mbwenda akacheka kile kicheko chao. "Huyu ndiye fundi! Kuanzia leo kinywa chote ni chako."

"Bibie, bila wale wawili nitaharibu."

"Tazama adabu hiyo!" akasema Mbwenda. Ameonywa, yeye anadhani amesifiwa.

Meno yakaota, meupe pe! Ukiyasukuma, hayatikisiki, yameshikana na taya kama msumari kwenye mninga. Mbwenda akawa anacheka hata pasipo kichekesho, ilimradi yaonekane.

Mama yake akamwambia, "Mwanangu, anza na vifupa vya swala."

"Mama, vifupa ni vya meno ya enzi zenu."

Siku ikafika. Paja likaletwa.

Akauma mara ya kwanza, meno yakamwaga unga. Akauma mara ya pili, jino halikunesa hata kidogo, kishindo chote kikashuka kwenye taya, machozi yakamtoka. Akauma mara ya tatu, kacha! Ukoo ukashangilia. Kumbe lililokatika ni jino. Paja lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

Binamu yake Sikanda, ambaye hakuwahi kukagua chochote maishani, akalitafuna paja lile kama muwa. Kiti kikawa chake.

Tangu siku hiyo Mbwenda alikula wa mwisho, na hata hicho cha mwisho hakukiweza. Malkia Mangulu, mzee wa watu, akawa anamtafunia nyama na kumwekea kinywani kama mtoto mchanga. Inauma, jamani, kulishwa na uliyemcheka.

Siku moja Mbwenda akauliza, "Mama, wewe vimeng'enya wako uliwasimamia vipi hata meno yakadumu hivi?"

Mama akameza kwanza.

"Mimi? Niliwashukuru, nikafunga mdomo."

Basi, aliyesikia ashike: anayezuia naye anajenga, na anayebomoa pia. Hadithi yangu imefika mwisho. Aliyesinzia akamuulize jirani yake, na mwenye ukaguzi aanze na sahani zangu, hazijaoshwa.