Chakula Alichokiacha Mwajabu

Isome hadi mwisho ndipo umtumie mwenzako, maana wengi huishia katikati na kumcheka mzee wa watu bure.

Palikuwa na fundi cherehani mjini Korogwe aliyeitwa Mzee Semhando. Mkewe, Mwajabu, aliugua kwa muda mrefu, kisha akafariki. Alimwachia mumewe nyumba, kuku wachache na friza iliyojaa chakula.

Chakula hicho kilikuwa kimefungwa kwa mashine waliyoletewa na binti yao aliyeolewa Arusha. Unatia kiporo kwenye mfuko wa nailoni, mashine inafyonza hewa yote na kuuziba mdomo wa mfuko kwa joto, halafu unakwenda kugandisha. Kinakaa miezi bila kuchacha. Mwajabu aliipenda mno mashine ile. Hata alipokuwa hoi, aliiweka kando ya kitanda akawa anafunga mifuko yake akiwa ameketi.

Mzee Semhando alikuwa kutwa nzima kwenye kibanda chake cha kushonea, na tangu mkewe alazwe na maradhi, mchana na jioni alikula kwa mama ntilie wa pale jirani. Akirudi usiku alikuta mifuko imeongezeka. Alidhani mkewe akipata nafuu kidogo hujikongoja hadi jikoni. Hakuuliza. Wanaume wa namna yake hawaulizi chakula kimetoka wapi, wanauliza kiko wapi.

Basi baada ya msiba, mzee akaiwekea friza ile ulinzi. Alijiambia kwamba humo ndimo lilimobaki pishi la mwisho la mkewe, na likiisha, Mwajabu atakuwa amekwisha kabisa. Hata kwa mama ntilie akaacha kwenda, akawa anakunywa chai ya rangi na mkate. Kila asubuhi alifunua mfuniko, akaitazama mifuko iliyoganda, akafunika. Majirani walipomletea sahani ya chakula aliwajibu dirishani kwamba ameshakula. Mwishowe wakachoka. Wakasema mzee kaanza maringo uzeeni, wakaacha kubisha hodi.

Mzee akakonda hadi suruali alizojishonea mwenyewe zikawa hazimkai.

Siku moja transfoma ya mtaa ikaungua. Mafundi wakaja, wakaitazama, wakawaambia watu wavute subira, wakaondoka nayo. Kesho yake maji yakaanza kuchuruzika chini ya friza. Mzee Semhando akayapangusa, yakatoka mengine. Hapo hakuwa na la kufanya. Ama ale, ama amwage chakula cha mkewe jalalani.

Akawasha jiko la mkaa. Akakata mfuko wa kwanza, akapasha moto, akanong'ona bismillahi, akatia tonge mdomoni.

Ulikuwa wali wa nazi.

Akaacha kutafuna. Mwajabu hakuwahi kutia nazi kwenye wali, alisema inamletea kiungulia. Akajaribu mfuko mwingine. Ndizi na nyama, zimepondeka kidogo, zina pilipili manga. Mwajabu ndizi alizijua za kukaanga tu. Akafungua wa tatu. Pilau lenye mdalasini mwingi hadi linapanda puani.

Mzee akakaa kwenye kigoda, ameduwaa. Akaonja tena wali, akarudi kwenye pilau, akafumba macho ili aone vizuri kwa ulimi. Wapi. Hakuna hata kimoja alichokitambua.

Ndipo hofu ikamwingia. Maisha yote amekula kwa mkono wa mwanamke yule, na sasa hata mwaka haujaisha ameshausahau? Au alikuwa anakula miaka yote hiyo bila kuonja? Kama ulimi umemsahau, basi na sura itafuata. Mzee akalia kwa kite, peke yake, sufuria zikipoa mbele yake. Hakulia hivyo hata makaburini.

Alipotulia akachukua bakuli la wali, akavaa kofia yake, akatoka. Alikwenda nyumba ya pili, kwa Bi Saumu, shoga mkubwa wa marehemu. Alibisha hodi kwa sauti ndogo. Bi Saumu alipomwona alivyokonda alishika mlango.

"Shemeji," mzee akasema, "onja hiki chakula. Kisha niambie ukweli, usinihurumie. Hivi ndivyo Mwajabu alivyokuwa anapika?"

Bi Saumu akaonja. Akaonja tena. Akaliweka bakuli chini taratibu, uso umembadilika.

"Huu si wake, shemeji. Huu wali ni wangu."

Mzee hakuelewa. Bi Saumu akamweleza, huku naye akichanganyikiwa vilevile. Mwajabu alipokuwa kitandani, wanawake wa mtaa walipeana zamu ya kumpelekea chakula cha mchana. Na mtaani kwao kumrudishia jirani bakuli lenye chakula chake ni kumtukana, hata uwe mgonjwa vipi. Kila jioni walipoyafuata mabakuli yao waliyakuta matupu, yameoshwa, na salamu za asante juu. Wao wakafurahi. Wakaambiana kwamba Mwajabu anakula vizuri, atapona.

"Kumbe hakuwa anakula," Bi Saumu akasema, na machozi yakamtoka.

Akamwita Mama Aikande wa nyumba ya nyuma, wakaenda wote jikoni kwa mzee. Mama Aikande hakuhitaji hata kijiko. Aliziona ndizi zake akajishika kifua. Pilau likajulikana ni la mama mkwe wa shehe wa mtaa, asiyejua kutia mdalasini kwa kiasi, na yeye akaitwa. Mifuko ikaendelea kufunguliwa, na kila mmoja ukapata mwenyewe.

Kwa nini Mwajabu hakusema? Mpaka leo mtaa haujaelewana. Wapo wanaosema alikuwa anamwekea mumewe akiba. Wapo wanaosema hakutaka kuwavunja moyo wapishi. Mzee Semhando mwenyewe akiulizwa husema hajui, na kwamba huyo ndiye Mwajabu aliyemjua.

Chini kabisa ya friza ulibaki mfuko mmoja mdogo. Ulikuwa na kisamvu cha karanga. Bi Saumu akaonja, akatikisa kichwa. Mama Aikande akaonja, akasema si chake. Ukapita kwa wote, haukupata mtu.

Mzee akapewa kijiko. Akaonja, na kijiko kikaganda mdomoni. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo, kama ilivyozidi tangu siku ya kwanza ya ndoa yao.

"Huyu ndiye," akasema.

Wanawake wakainuka ili wamwachie, maana walijua ni cha mwisho na ni chake. Mzee akawazuia. Akatafuta visahani, akakigawa kisamvu chote, kila mtu kijiko chake. Yeye akajipakulia wa mwisho.

Funzo: Ukifiwa, usijifungie ukidhani ndiyo kumtunza marehemu. Wapo wengine waliompenda kama wewe; wafungulie mlango, mumkumbuke pamoja.