Punje ya Wali Ndevuni

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba mvua iliukimbia mji mmoja, na Amiri wake, Mundhir, akaamuru watu wote wafunge saumu ya kuomba rehema. Atakayeonekana akila mchana atafukuzwa mjini. Mwenyewe alihutubia juu ya mimbari, akalia mpaka ndevu zikalowa. Basi watu wakampenda, masikini.

Siku hiyo hiyo ajuza mmoja mcha Mungu, Bi Lubaba, alikuwa akichambua tende za kuwafuturisha majirani. Mkono una mazoea yake: tende moja ikaingia kinywani. Alipokumbuka akaitema, lakini askari alikwisha kumwona, akampeleka barazani kwa Amiri. Njiani aliwaza wajukuu zake na kaburi la mumewe, moyo ukamwuma sana, maana hakuwa na mji mwingine duniani.

Akaeleza kwamba alisahau, na aliyekula kwa kusahau saumu yake haibatiliki; Mola ndiye aliyemlisha. Amiri akacheka kwa dharau, akasema kila mlafi husahau.

Bi Lubaba alipoinua macho, akaiona punje ya wali imenasa ndevuni mwa Amiri, ya manjano kwa zafarani, bado inang'aa samli. Ulimi ulimwasha. Neno moja tu, na baraza zima lingeona. Lakini alikuwa mtu wa kusitiri aibu za watu, hata za wakubwa. Akaomba ruhusa asogee, akamnong'oneza:

"Mwanangu, jipanguse ndevu. Nawe umesahau, kama mimi."

Amiri akapapasa kidevu, punje ikabaki kidoleni. Udhuru alikwisha kupewa, tena bure. Ilibaki kuupokea tu. Lakini akasimama, akainua kidole watu wote waone.

"Bibi huyu alisahau," akasema. "Mimi sikusahau. Mwenye kusahau hafungi mlango kwanza."

Baraza likapigwa na butwaa. Bi Lubaba akaangua kicheko cha furaha, na Amiri naye akacheka huku analia, safari hii machozi ya kweli. Vyungu vyake vya wali vikatolewa uani, naye akakaa kando yavyo, njaa ikimsokota, mpaka magharibi. Adhana ilipolia, mji ukafuturu wali wa zafarani, watu wakitaniana, na tende ya kwanza Amiri alilishwa kwa mkono wa Bi Lubaba.

Mvua ilinyesha lini, wasimulizi hawakutaja. Ndugu zangu, tufungapo, tufunge kinywa. Mlango hata tukiufunga, Mola yumo ndani.