Boga Halinyooshewi Kidole

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya walioshiba. Mmekula nini leo, ugali na mchicha? Basi sogeeni, msikalie mkeka wa mwenzenu. Na nyinyi wazee mliojibanza mlangoni, msijifanye mmewasindikiza watoto tu. Ingieni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walilima na watu wakaenda kwao kuomba mbegu, alikuwako Bi Digidigi. Mnamjua digidigi? Ni paa mdogo, mdogo, hata majani yakimzidi kimo humwoni. Miguu myembamba, macho makubwa, na pua. Pua ndefu, laini, haitulii. Inakwenda huku, inakwenda huku. Fwi, fwi, fwi.

Bi Digidigi alikuwa na bustani nyuma ya nyumba. Si shamba, bustani tu. Tuta la mchicha. Tuta la bilinganya. Tuta la nyanya. Na pembeni, penye udongo mweusi, mashina ya maboga.

Mchicha ulimkubali. Leo anachuma, kesho umerudi. Bilinganya nazo zilizaa, ndogo ndogo, lakini zilizaa. Nyanya zilimgomea. Zilichanua, zikajikunja majani, zikanyauka, basi. Bi Digidigi hakulia. Alisema, "Bustani ni watoto. Mmoja atakutii, mwingine atakuvunja mgongo." Akazing'oa nyanya, akapanda bamia.

Lakini maboga! Kwa maboga hakuwa na mchezo. Binti yake wa pekee alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Na Bi Digidigi alikuwa ameshatuma salamu kwa wakwe: "Mtoto akizaliwa, njooni kwenye arobaini yake. Nitawapikia boga la nazi. Boga la bustani yangu, si la kuomba."

Mmesikia? Si la kuomba. Maneno yameshatoka, na maneno yakitoka hayarudi mdomoni.

Ng'ambo ya korongo aliishi jirani yake, Bwana Nungunungu. Mnene, mvivu kidogo, mcheshi sana. Mgongo wote miiba. Akitembea: chakacha, chakacha, chakacha. Siku ya kupanda, Bi Digidigi alimgawia mbegu za maboga. Yeye akazitupa jaani nyuma ya nyumba yake, akazisahau. Lakini hodi hakuisahau. Kila jioni alivuka korongo, akakaa juu ya kigogo, akapewa mchicha, akatoa habari za ulimwengu mzima. Nyingine za kweli.

Maboga yakatambaa. Yakafika kwenye uzio. Alfajiri moja ua la kwanza likafunguka. Kubwa! La njano! Bi Digidigi akarukaruka kwa furaha. Akaingiza pua ndani alinuse. Fwi, fwi...

Ziii!

Mle ndani alikuwamo Nyuki, yuko kazini kwake. Nyuki akashtuka, akamchoma puani. Wui! Pua ikavimba, ikang'aa. Jioni Nungunungu akaja, akaiona, akacheka mpaka miiba ikagongana. "Bi Digidigi! Leo umevunia bilinganya usoni!"

Bi Digidigi hakucheka. Naye ana haki. Mtu aliyechomwa na nyuki mngoje apone kwanza, ndipo umcheke.

Tangu siku ile, kila alfajiri aliwasha moshi. Samadi kavu chini, majani mabichi juu, anapuliza. Fuu, fuu, fuu. Moshi ukatanda bustani nzima. Naye akaimba. Mimi nikiimba, nyinyi itikieni "Fuka!" Haya:

Moshi wangu, moshi we!

Fuka!

Mwenye mwiba asije!

Fuka!

Boga langu linenepe!

Fuka!

Nyuki wakaja, wakakohoa, wakarudi. Kho, kho, kho. Kesho yake wakaja, wakakohoa, wakarudi. Halafu hawakuja tena. Bi Digidigi akasema, "Sasa bustani imetulia."

Viboga vikaanza kutokea. Vidogo, vya kijani, kila kimoja na ua lake kichwani. Hapa watoto tegeni masikio. Mmefundishwa nini nyumbani? Boga changa halinyooshewi nini?

Kidole!

Ee, kidole. Ukilinyooshea kidole, litaoza. Ukitaka kumwonyesha mwenzako, kunja ngumi, au tumia kiwiko. Hivyo ndivyo Bi Digidigi alivyofundishwa na bibi yake. Nami nilifundishwa hivyo hivyo, na nilikula kofi moja juu yake.

Basi kiboga cha kwanza kikageuka njano. Kikalainika. Kikaanguka. Po! Cha pili kikageuka njano. Kikalainika. Po! Na cha tatu?

Po!

Siku zile zile binti akajifungua. Mtoto wa kike, mzima, pua imeshaanza kurefuka. Vigelegele! Wakwe wakatuma jibu: "Tunakuja arobaini. Tumeshaanza kulisikia lile boga." Bi Digidigi akaenda bustanini, akatazama. Majani tele, maua tele, boga la kupikwa hakuna hata moja. Moyo ukamshuka. Akajiuliza, "Nani? Nani ananinyooshea maboga yangu kidole?"

Jioni: chakacha, chakacha. Nungunungu akafika, akaketi juu ya kigogo, akajinyoosha. Miiba ikasimama. Mmoja ulitazama kiboga cha huku, mwingine kiboga cha kule. Bi Digidigi akatoa macho. Kumbe! Huyu hana kidole kimoja. Huyu ni vidole mwili mzima!

"Jirani."

"Naam, Bi Digidigi."

"Hebu geukia kule."

Nungunungu akageuka. Miiba ikatazama maboga.

"Geukia huku."

Akageuka. Miiba ikatazama maboga.

"Bi Digidigi, kwani tunacheza ngoma?"

"Hatuchezi. Wewe ndiye unayeozesha maboga yangu. Unayanyooshea."

"Mimi? Nimenyoosha nini? Mikono yangu nimeifumbata."

"Na hiyo miiba?"

"Nimezaliwa nayo!"

"Basi kaa nayo kwako."

Nungunungu akasema, "Na hiyo pua yako, bibi? Pua inayofika mahali, nawe ukafika baadaye? Kila asubuhi iko juu ya maboga, yenyewe hainyooshei?"

"Pua yangu ni pua!"

"Na mwiba wangu ni mwiba!"

"Toka! Usivuke tena korongo hili!"

Bwana Nungunungu akashuka kwenye kigogo. Mchicha wake akauacha hapo hapo. Akaenda, chakacha... chakacha... hakugeuka nyuma. Alikuwa ameumia, nawaambia kweli.

Sasa Bi Digidigi akaziba uzio kwa miiba ya mgunga, mtu asione ndani. Akafunika kila kiboga kwa jani. Hata binti yake mwenyewe alikatazwa kuingia. Na moshi akauzidisha. Fuu, fuu, fuu. Imbeni!

Moshi wangu, moshi we!

Fuka!

Mwenye mwiba asije!

Fuka!

Na viboga?

Po! Po! Po!

Nungunungu haji, na viboga vinaanguka. Jioni hakuna habari za ulimwengu. Mchicha hauna wa kugawiwa, ukakomaa, ukatoa mbegu. Bi Digidigi akala peke yake, akalala mapema, akaamka kuwasha moshi.

Arobaini ikafika ukingoni. Binti akasema, "Mama, wakwe wako njiani. Boga liko wapi?"

"Hakuna boga, mwanangu."

"Utawaambia nini?"

Bi Digidigi akachukua kikapu, akatia bamia, akatia mchicha mchanga ule wa mwisho. Akasema, "Nilisema si la kuomba. Nakwenda kuomba." Akavuka korongo. Kila hatua ilikuwa nzito, maana alijua mlango wa kwanza ni wa nani.

"Hodi!"

"Hodi ya nani hiyo?"

"Ya jirani mbaya."

"Pita nyuma, niko jaani."

Akapita nyuma. Lahaula! Jaa lote limefunikwa na majani ya maboga. Na chini ya majani, maboga. Makubwa! Yamelala kila upande, yamejaa, yamekomaa. Na katikati yake amelala nani? Bwana Nungunungu, kiubavu, miiba imeyanyooshea maboga yote, mingine imeyagusa kabisa.

"Unalala katikati ya maboga?" Bi Digidigi akauliza.

"Ndipo penye kivuli."

"Na hayaozi?"

"Mimi sikuyapanda, niliyatupa. Sijui lolote. Muulize anayeshinda humu."

Ziii! Kutoka ndani ya ua la njano akatoka Nyuki. Bi Digidigi akaficha pua kati ya magoti.

"Usiogope," Nyuki akasema. "Siku ile uliniingilia nikiwa kazini. Nikuulize, bibi. Binti yako aliolewaje?"

"Aliolewa kama wenzake. Alikuja mshenga, akaleta posa, tukakubaliana."

"Huyo mshenga angefika mlangoni, mkamfukuza kwa moshi, huyo mjukuu mngempata wapi?"

"Tusingempata."

"Haya, tazama. Boga lina maua ya namna mbili. Hili ni dume, lina unga wa njano. Hili ni jike, lina kiboga shingoni. Dume haliwezi kutembea. Jike haliwezi kutembea. Nani anatoa unga huku kupeleka kule?"

"Wewe?"

"Mimi na ndugu zangu. Nisipopita, kiboga kinageuka njano, kinalainika, kinaanguka."

"Po," akasema Bi Digidigi, kwa sauti ndogo.

"Na ua la boga linafunguka alfajiri, jua likiwa kali linafumba. Alfajiri hiyo hiyo wewe unawasha nini?"

Jibu lilikuwa linamnuka Bi Digidigi manyoyani. Akamaliza Nyuki: "Umemfukuza mshenga, bibi, halafu unadai mtoto."

Nyuki akarudi kazini. Wakabaki wawili. Bi Digidigi akaweka kikapu chini.

"Jirani, nimekukosea. Nimekusingizia. Nisamehe."

Nungunungu hakufanya mzaha. Akasema, "Siku ile nilirudi hapa nikaanza kuitazama hii miiba yangu. Nikasema, labda ni kweli. Labda kila ninapokaa naharibu. Uliniuma sana, Bi Digidigi."

"Najua. Naona aibu."

Bwana Nungunungu akavuta pumzi. Akachukua bamia moja, akaitafuna, akaimeza. "Nimekusamehe. Bamia zako zimekubali. Sasa chagua boga."

"Lipi limekomaa?"

"Lile pale!" Akasimamisha miiba yote, fyaa! Bi Digidigi akafumba macho kwa mazoea. Akafumbua jicho moja. Boga liko pale pale, zima, gumu. Wakatazamana. Wakacheka, wakacheka mpaka Nyuki akatoka kwenye ua kuwanyamazisha.

Boga likavuka korongo, na Nungunungu nyuma yake. Likakatwa, likapikwa, tui zito, iliki kidogo. Wakwe wakafika na ngoma na zawadi. Wakala. Mama mkwe wa binti, digidigi mkubwa wa maneno, akalamba sahani, akanyanyua pua.

"Mkwe wangu," akasema, "boga hili ni tamu. Hili ndilo la bustani yako? Lile si la kuomba?"

Hapo, jamani. Hapo pagumu. Neno moja tu, "ndiyo," na heshima imekaa. Nani angejua? Binti anatazama chini. Nungunungu yuko mlangoni, amejikunyata asimchome mtu, anatafuna kimya. Yeye asingesema. Bi Digidigi alijua kwamba asingesema.

Akasimama.

"La kuomba," akasema. "Maboga yangu yalioza yote, kwa moshi wangu mwenyewe. Nikamsingizia jirani yangu, yule aliyeko mlangoni, nikamfukuza mbele ya mchicha wake. Na boga mnalokula ni lake."

Mama mkwe akamtazama Bi Digidigi. Akamtazama Nungunungu. Akaweka sahani chini.

"Ala!" akasema. "Mwenye boga anakaaje mlangoni? Njoo, bwana, kaa hapa karibu yangu. Na wewe mkwe, kaa huku ubavuni, nyumba yenye kusema kweli ndiyo niliyotaka mwanangu aoe."

Wageni wakasogea. Wakasogea tena. Wakasogea sana, maana ile ni miiba, si mchezo. Nungunungu akapata nafasi ya watu watatu, akaongezwa boga.

Na bustani je? Moshi ulizimwa. Nyuki wakarudi, na msimu uliofuata maboga yakazaa mpaka majirani wakaanza kujificha wasigawiwe. Mchicha mzuri, bamia nzuri. Nyanya zinamgomea Bi Digidigi mpaka leo, lakini hajamlaumu mtu.

Basi, watoto, na nyinyi wazee wa mlangoni: jambo likikuharibikia, usiondoke mbio kumtafuta mchawi. Tazama kwanza ulilofanya kwa mkono wako. Na ukigundua kosa ni lako, liseme, hata mbele ya wakwe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Chunguni umebaki ukoko. Mwenye kucha akwangue.