Bibi Harusi wa Gari la Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Wenye matumbo mepesi wapo?

Tupo!

Basi yashikeni.

Hapo kale alikuwepo mwari, jina lake Mwanamvua, aliyeposwa kijiji cha ng'ambo ya mlima. Baba yake, Mzee Shekue, alikuwa mtu wa makuu. "Binti yangu hafiki kwa mumewe miguu ina vumbi!"

Siku moja akaenda kwa Zimwi, akaazima gari lisilo na ng'ombe wala dereva. Linajiendesha lenyewe.

"Chukua," Zimwi likasema. "Ila akikataliwa mlangoni, ni wangu."

Mzee Shekue akacheka. "Nani atamkataa mwanangu?" Binti mwenyewe hata hakuulizwa. Wazee wengine, jamani!

Basi siku ya harusi Mwanamvua akafunikwa shela gubigubi, kama ilivyo ada, asione njia, akapakiwa. Gari likaondoka.

Kona ya kwanza, roho ikamchafuka. "Ewe gari, niambie unakata wapi!"

Gari likaimba: "Kaa tu, bibi, njia naijua mimi."

Kona ya pili, mate yakamjaa kinywani. "Ewe gari, niambie unakata wapi!"

"Kaa tu, bibi, njia naijua mimi."

Kona ya tatu hakuuliza tena. Alitapika mpaka nyongo.

Walipofika, vigelegele! Mama mkwe, Bi Mwashamba, akamfunua shela. Masikini, mwari akainama akatapika mbele ya watu wote.

"Naomba ndimu, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Vigelegele vikakatika. Anatapika, na anataka ndimu!

"Mimba ya nani hiyo?" Bi Mwashamba akauliza.

"Sina mimba, mama. Ni gari."

"Gari! Mimi nililetwa kwa punda, mbona sikutapika? Simtaki! Simtaki! Simtaki!"

Bwana harusi alikuwa papo hapo, anatazama viatu vyake.

Mwanamvua akajifuta mdomo. "Basi panda wewe, mama. Nenda mpaka kona ya tatu, urudi."

Bi Mwashamba akapanda kwa maringo. Mwanamvua akasimama uani, akisikia wimbo ule mlimani. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Gari liliporudi, mama mkwe amelala chali, kanga imelowa matapishi. Hakuna aliyemwuliza mimba ni ya nani.

"Ingia ndani, mwanangu," akanong'ona. "Nisamehe."

Lakini Zimwi lilikwishasimama mlangoni. "Umesema humtaki mara tatu. Nimesikia."

Mwanamvua akamtazama bwana harusi. Naye akatazama viatu vyake tena.

Basi akavua shela, akaitupa chini. "Nitakwenda," akaliambia Zimwi, "lakini kwa miguu yangu. Njia nataka niione mwenyewe."

Akaenda. Hajarudi mpaka leo.

Hadithi yangu imeishia hapo, na uchungu wake nawaachia ninyi. Mtu akikwambia anaumwa, mwamini. Usingoje mpaka uumwe wewe.