Kwa Nini Njia Hupimwa kwa Machela

Hapo kale, kabla njia za milimani kwetu hazijawa na kipimo, kila mwenye shamba aliiachia njia upana alioutaka mwenyewe. Wengi waliacha wa kutosha. Mwachofi hakuwa mmoja wao. Shamba lake refu lilikuwa juu ya korongo, na njia pekee ya kwenda kwa mkunga ilipita kati ya ua wake wa minyaa na ukingo wa korongo hilo.

Kila masika alipanda mstari mpya wa minyaa nje ya ule wa zamani, ili wa ndani akiung'oa apate tuta moja zaidi la viazi. Wanawake wenye mizigo ya kuni wakaanza kupita kiubavu. Wazee wenye mikongojo wakaacha kupita kabisa. Walipomlalamikia, aliwacheka.

"Mguu mmoja hutangulia, wa pili hufuata," aliwaambia. "Nafasi zaidi mwaitakia nini?"

Nao kwa kuchoka maneno wakamwachia. Hilo nalo lilikuwa kosa, sitalificha.

Mwaka mmoja binti yake Mkawasi alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Wanaume wanne wakambeba kwa machela, wawili mbele na wawili nyuma, bega kwa bega, Mwachofi akitangulia. Walipofika kwenye ua wake wakakwama. Wanne hawakuenea, na wawili wasingemhimili kwenye mteremko ule. Wakamlaza chini, wakaanza kufyeka.

Mwachofi alifyeka kuliko wote. Utomvu wa minyaa ulimrukia machoni ukamchoma, naye hakuacha. Nyuma yake akamsikia Mkawasi akiuliza kwa sauti ndogo, "Baba, mbona tumesimama?"

Akazidi kufyeka. Ua ulipokwisha, Mkawasi alikuwa ameshakata roho, na mtoto tumboni. Macho ya Mwachofi hayakupona. Maisha yake yote yaliyobaki alipita hapo kwa mkongojo, akipapasa visiki vya minyaa.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu hapandi mtu ua kando ya njia kabla wanaume wanne hawajapita na machela, na ubavuni mwao mtu mwenye mkongojo. Wanapopita wote bila kubanana, hapo ndipo shamba linapokoma. Machela hiyo hubebwa tupu, kwa sababu ile ya kwanza haikuwa tupu.