Mzigo Unaojigeuza

Huko milimani Lushoto, gari la tajiri Shekue lilikuwa kigeugeu. Likisimama, mara linatetemeka kama lina homa, mara limetulia. Akalipeleka kwa Fundi Singano.

"Liponye leo, au uhame kiwanjani kwangu."

Kivulini pale gereji alikaa jirani yao Zaina, uchungu umemshika. Shekue alikuwa amekataa kumpeleka hospitali, asije akamchafulia viti.

Singano akafungua boneti, akainama humo kitambo, akainuka akikuna kichwa.

"Ugonjwa huu hujificha, mzee. Lazima tupande mlima na mzigo nyuma, tusimame juu tusikilize."

"Pakia gunia la viazi."

"Gunia hutulia. Tunataka mzigo unaojigeuzageuza."

Shekue akamtazama Zaina, akaguna. "Haya, mpakie. Tandika kanga kwanza."

Wakapanda hadi langoni mwa hospitali. Manesi wakampokea Zaina, nao wawili wakabaki wakisikiliza injini mpaka jua likapinduka. Haikutetemeka hata kidogo.

"Limepona saa ngapi?" Shekue akauliza.

Singano akatoa mfukoni paipu ya mpira iliyopasuka. "Tangu kule gereji, nilipobadilisha hii."

"Sasa huku juu tulifuata nini?"

Wodini kichanga kikalia.

"Huyo, mzee."